Dirisha la Dawa: Mama kameza mara mbili

Barua za mwezi huu nimechagua tatu. Ya kwanza imenikaa rohoni, nitakaa nayo muda mrefu. Wenye barua mbili za mwisho mnivumilie.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi naishi Sakina, Arusha, mama yangu yuko nyumbani Kibosho. Ana miaka 71, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ana presha na sukari. Kwa siku anameza vidonge saba: asubuhi za presha ni amlodipini, losartani na dawa ya maji (ile ya kukojoza), za sukari ni glibenklamidi na metformini, jioni metformini tena pamoja na atovastatini ya mafuta ya damu. Vyote anavitunza kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati la jikoni.

Jumatatu ya wiki iliyopita alimeza dawa zake saa moja asubuhi baada ya mtori. Dada wa kazi alikuwa bandani anakamua, hakuona. Saa tatu akampelekea tena kiganjani na kikombe cha maji, mama akameza. Anasema alidhani ni zile nyingine. Saa sita jirani akamkuta amekaa chini ya mgomba, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, maneno hayashikani. Wakampa soda, akarudi sawa.

Sasa kaka zangu wanasema mama amezeeka, dawa zifungiwe kabatini, dada awe anampa. Mimi nafikiria kununua lile boksi lenye vyumba vya siku. Mama mwenyewe amenuna, haongei na mtu. Tufanyeje?
*Binti wa Kibosho*

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni nyote. Nianze na jambo ambalo hukuuliza, maana ndilo lililonitisha. Glibenklamidi si dawa ya kupita upesi. Ikishaingia mwilini inaendelea kushusha sukari kwa saa nyingi, hata siku nzima, na kwa mtu mzima ambaye figo zimeanza kuchoka inakaa zaidi. Soda inapandisha sukari kwa muda mfupi. Ikiisha nguvu dawa bado ipo, na sukari inaweza kushuka tena saa nane za usiku mama akiwa amelala na hakuna wa kuliona jasho lake. Aliyemeza dawa hiyo mara mbili na sukari ikamshuka anapelekwa hospitali siku ileile, hata kama ameshaanza kucheka na kuomba chai.

Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, na anaweza kumeza: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subirini dakika 15. Akiwa bado anatetemeka, rudieni. Akitulia ale chakula, ndizi au ugali, halafu safari ya hospitali ianze. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, tafuteni gari.

La pili. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mama ana 71. Sikwambii umwachishe. Nakwambia siku ya kliniki uende naye, umweleze daktari habari ya mgombani, umuulize kama kuna dawa nyingine ya kumfaa. Usipoisimulia haitaandikwa popote, na dirishani watampa ileile kwa mwezi mwingine.

Sasa hayo ya kaka zako.

Nimekaa dirishani miaka 31, hospitali mbili za mkoa huu, na nimestaafu nikiwa na shingo inayouma kwa kuinamia lile tundu. Waliokuwa wakirudi kwangu wamekosea dawa, wengi hawakuwa wasahaulifu. Walikuwa na wasaidizi wawili. Mke kampa, binti kampa. Mgonjwa kajipa, mjukuu kampa. Kila mmoja ana nia njema na hakuna aliyeacha alama. Mama yako alimeza saa moja, saa yake, baada ya kula, kama alivyofundishwa. Dada naye aliona kopo lipo, mzee yupo, saa imepita, akafanya kazi yake. Hapo mtu mmoja hakuwa na kosa na wa pili naye hakuwa na kosa, ila nyumba haikuwa na njia ya kujua kwamba dawa ya leo imeshamezwa.

Halafu, mwanangu, mimi mwenyewe nimemeza mara mbili. Mwaka juzi, asubuhi ya msiba wa jirani hapa Rau. Kawaida yangu nameza nikimaliza kuwapa kuku chakula. Siku hiyo kuku walilishwa na mjukuu, mimi nimeshika stripu mkononi, simu ikalia, nikaongea habari za sufuria za msibani robo saa nzima. Nilipoikata nikaiona stripu iko mezani. Nilimeza au sikumeza? Nikameza. Saa tano nimesimama kwenye foleni ya chakula, dunia ikazunguka, nikaketi kwenye ndoo. Siku hiyo sikuwa mzee kuliko jana yake. Kilichotokea ni kwamba kuku walitoka kwenye nafasi yao.

Kwa hiyo msimnyang'anye mama dawa zake. Mtu aliyeita majina ya watoto arobaini kila asubuhi kwa miaka yote ile, leo aje afunguliwe kabati na msichana wa kazi? Lazima anune. Mpeni rejista. Sisemi kwa mzaha. Nunua daftari la mistari, mama achore mwenyewe: tarehe upande wa kushoto, safu mbili, asubuhi na jioni. Akimeza anapiga mkwaju. Dada naye ana sheria moja tu, na umweleze mbele ya mama ili isionekane ni njama: haruhusiwi kumpa kidonge, anaruhusiwa kuuliza, "Mwalimu, umeshaita majina?" Mkono unaotoa dawa uwe mmoja, wa mama. Macho yawe mawili. Siku mama akiwa na homa au amesafiri, mkono huo unahamishiwa kwa mtu mmoja anayetajwa kwa jina, na rejista inahama naye.

Boksi nunua, ni zuri. Tafuta lenye vyumba 14, asubuhi na jioni kwa siku saba, si lile la vyumba saba tu, maana hilo litamlazimu aweke vya asubuhi na vya jioni pamoja, na hapo umerudi kwenye kopo. Uzuri wake ni kwamba linajibu lile swali lililonishinda mimi siku ya msiba. Chumba kitupu, umemeza. Kina vitu, hujameza. Lijazwe mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya ibada, mezani penye mwanga, redio imezimwa. Mama ajaze, wewe uwe kwenye simu ya picha ukihesabu naye: asubuhi vitano, jioni viwili, vyumba vyote vikiisha ni vidonge 49. Kikibaki kimoja mkononi au kikipungua kimoja, mwage yote mwanze upya. Msikisie kilikosewa wapi.

Ukikosa boksi, usihuzunike. Vibahasha 14 vya khaki vinafanya kazi ileile. Mimi dirishani nilikuwa nachora jogoo kwa vya asubuhi na mwezi kwa vya jioni, kwa wazee wasiosoma na kwa wasomi waliosahau miwani. Trei ya mayai, ambayo naona watu wanaisifia, siipendi: iko wazi, mende wanapita, na mtoto wa miaka miwili akiona vidonge vya rangi kwenye vishimo anajua ameandaliwa karamu. Glibenklamidi moja tu inaweza kumuua mtoto mdogo. Boksi pia likae juu asipofika mtoto, na lisikae jikoni. Jikoni kuna mvuke na moto. Chumbani kwa mama, kabatini, pasipopigwa jua, ndipo pake.

Lile kopo sasa. Siku utakayokwenda, limwage lote kwenye sinia. Nakuahidi utakuta stripu zilizokatwa kwa mkasi, kidonge kimoja kimoja, upande wenye jina umetupwa na upande wenye tarehe ya kuisha muda umetupwa. Hicho kisichojulikana jina hakirudi koponi. Utakuta bahasha za kliniki ya Februari zenye dozi ambayo daktari alishaibadilisha, na mama anaitunza kwa sababu kutupa dawa ni dhambi. Na utakuta dawa moja yenye majina mawili. Hili ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Kwenye pakiti kuna jina la biashara kwa herufi kubwa, na jina lenyewe la dawa kwa herufi ndogo chini yake. Glucophage ni metformini. Lasix ni furosemidi. Nilipata mzee wa Uru aliyekuja na miguu imevimba kama mihogo. Anameza amlodipini ya kliniki na amlodipini aliyonunuliwa na mwanawe mjini, pakiti mbili za rangi mbili, akiamini moja ni ya presha ya juu na nyingine ya presha ya chini. Someni herufi ndogo. Na mkiona majina mawili yote yanaishia na -sartan, au moja linaishia na -sartan na jingine na -pril, msimeze vyote viwili kabla ya kuuliza.

Muulize pia habari za magoti. Wanawake wa Kibosho waliopanda na kushuka ile miteremko na majani ya ng'ombe kichwani, wote wana magoti, na wote wanajua duka linalouza diklofenaki. Kwa mtu anayetumia losartani na dawa ya maji, diklofenaki au ibuprofeni ikiongezeka juu yake ni mzigo mzito kwa figo, na presha nayo inapanda. Atakwambia "hiyo si dawa, ni ya magoti tu". Iandikwe kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, pamoja na majani yoyote anayochemsha, na daktari auone ukurasa huo.

Kuhusu saa, sikiliza kisa. Babu mmoja alikaa mwezi mzima akilalamika kwamba dawa zinamnyima usingizi. Karatasi yake iliandikwa 8 asubuhi na 8 jioni, kwa saa za Kizungu. Babu ana saa yake ya Kiswahili, na nane ni nane. Alikuwa anameza saa nane mchana, halafu anaamka saa nane za usiku, anawasha koroboi, anameza metformini kwenye tumbo tupu, anaharisha hadi alfajiri. Alitii maelekezo kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia. Kwa hiyo ukimwekea mama kengele ya simu, iandike saa kumi na mbili za simu au kumi na mbili zetu, ila mpatane ni zipi, na kwenye daftari pasiandikwe namba tupu. Paandikwe "baada ya mtori" na "baada ya chakula cha usiku". Mtori hauna saa za Kizungu.

Na lile neno "kutwa". Tumeliandika kwenye bahasha miaka yote, kimoja kutwa mara tatu, na watu wanalitii kama lilivyo. Mama mmoja wa Mwika alimaliza vidonge vitatu vya antibayotiki kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole, "Imeandikwa kutwa, haikuandikwa kucha." Sikuwa na la kusema. Mara tatu maana yake ni kila baada ya saa nane, usiku ukiwemo.

Dawa ya maji imezwe asubuhi hivyohivyo. Akiimeza jioni atatoka nje usiku mara nne, na choo cha nje na utelezi wa masika wa Kibosho unavijua. Metformini iende na chakula. Glibenklamidi, kama daktari ataibakiza, mama asipokula asimeze, hata kama rejista itabaki na pengo. Na akisahau dozi yoyote, asifidie kwa kumeza viwili.

Desemba mkirudi wote nyumbani na mbege ikianza kuzunguka, mkono mmoja uendelee kuwa mmoja. Wageni ishirini ni wasaidizi ishirini. Tena pombe inashusha sukari ya mtu anayetumia glibenklamidi, kwa hiyo kata ya mama iwe ya heshima tu, aonje apitishe.

Nenda kamwombe radhi kwa niaba ya kaka zako. Nenda na daftari jipya na kalamu nyekundu.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mlinzi Njiro, Arusha, miaka 46. Naingia lindo saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nina presha, nimepewa amlodipini na dawa ya maji, kila moja kimoja asubuhi. Asubuhi yangu ndiyo usiku wangu. Nikimeza nikifika nyumbani silali, kila mara chooni. Siku za mapumziko ndiyo navuruga kabisa, naruka, kesho yake nafidia viwili.
*Mlinzi*

JIBU

Marahaba baba. Daktari alipoandika asubuhi alimfikiria mtu anayelala usiku. Wewe asubuhi yako ni pale unapoamka, na nadhani ni kama saa saba au saa nane mchana. Dawa ya maji nguvu zake nyingi zinatoka katika saa nne au tano za mwanzo. Ukiimeza ukiamka, utakuwa umemaliza safari za chooni ukiwa bado nyumbani, kabla hujafika getini ambako choo, nawajua matajiri, ni cha ndani na funguo wanazo wao.

Amlodipini haichagui saa, inakaa mwilini zaidi ya siku moja. Inachotaka ni saa ileile kila siku. Zimeze zote mbili pamoja saa nane mchana, siku za kazi na za mapumziko, usizitofautishe. Waambie kliniki kwamba umehama saa ili waandike kwenye daftari lako. Siku ya kuhama usimeze mara mbili: ukiwa umemeza Jumanne asubuhi, kinachofuata ni Jumatano saa nane mchana. Kengele ya simu iandike 14:00. Usiandike 8:00, umeshasoma yaliyompata babu.

Kufidia viwili acha leo. Ukikumbuka siku ileile, meza. Ukikumbuka wakati wa dozi nyingine umekaribia, iliyopita imepita. Mlinzi aliyeshukiwa na presha na kuanguka saa tisa za usiku anaokotwa asubuhi.

Usizibebe kwenye mfuko wa koti pamoja na tochi. Nimeona vidonge vilivyobaki unga.

SWALI

Habari za siku dada yangu. Mume wangu alifariki mwezi wa tatu. Dawa zake za presha zimebaki, nyingine hazijafunguliwa. Shemeji yangu naye ana presha na kliniki hajaenda siku nyingi. Nimpe? Kuzitupa naona uchungu.
*Mama wa Pasua*

JIBU

Pole sana na msiba, mdogo wangu. Uchungu huo naujua, si wa dawa.

Usimpe. Presha jina ni moja, dawa zake nyingi. Ya mume wako ilipimwa kwa figo zake, moyo wake na umri wake. Shemeji hata kliniki hajaenda, hakuna anayejua figo zake zikoje. Zipeleke kwenye dirisha la dawa la hospitali unayoitumia, waambie ni za marehemu, watazipokea au watakuelekeza pa kuzipeleka. Usizitie chooni, wala usiziache kwenye taka, watoto wa mtaani wanachambua.

Kama marehemu aliacha kipimo cha presha, kile cha betri cha kufunga mkononi, hicho mpe shemeji. Weka betri mpya kwanza, na umpime mwenyewe mara ya kwanza akiwa ameketi. Namba itakayotoka ndiyo itakayompeleka kliniki.